Daftari la wabakaji halitalinda watoto wetu likizo hii

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyependekeza serikali iweke mtandaoni picha, majina na anwani za wote waliowahi kutiwa hatiani kwa ubakaji na ulawiti, tena kabla shule hazijafungwa Desemba, kwa kuwa Marekani wanafanya hivyo na watoto wao wako salama. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Naishi Clarkston, mji mdogo ulio jirani na Atlanta katika jimbo la Georgia, na kazi yangu ni udereva wa basi la shule. Daftari analolisifu naishi nalo, na watoto ndio abiria wangu asubuhi na alasiri. Uchungu wake naufahamu, mzazi gani hana? Ila dawa yake naikataa.

Nianze na usiku ambao daftari hilo huwa gumzo huku kuliko siku nyingine zote. Tarehe 31 Oktoba ni Halloween. Watoto huvaa vinyago na manguo ya kutisha, wakapita nyumba hadi nyumba kuomba pipi. Sisi tuliokulia pwani hatushangai: ndivyo tulivyokuwa tukizunguka mtaa mzima Idi Mosi kuomba mkono wa Idi, kwa tunaowajua na tusiowajua, isipokuwa hapa wanazunguka giza likiingia.

Siku chache kabla ya hapo, kundi letu la WhatsApp la akina mama wa Kiswahili, Watanzania, Wakenya, Warundi na Wakongo wa Kivu, hujaa picha za ramani yenye vitone vyekundu. Kila kitone ni nyumba ya mtu aliyesajiliwa katika daftari hilo. Sauti za kurekodiwa hufuata, moja juu ya nyingine: "Mama, angalia, iko wawili nyuma ya nyumba yako!" Baada ya hapo hakuna anayelala vizuri.

Daftari hilo lina historia yenye msiba wa kweli. Oktoba 1989, mtoto wa miaka 11, Jacob Wetterling, alitekwa na kuuawa huko Minnesota na mtu asiyemjua, na mwaka 1994 sheria ya shirikisho iliyopewa jina lake ikayataka majimbo yote yawe na daftari. Mwaka 1996 sheria nyingine, inayoitwa Sheria ya Megan kwa jina la mtoto mwingine aliyeuawa, ikataka taarifa hizo zitolewe kwa umma. Leo waliomo ni zaidi ya laki saba. Humo wamo watu hatari kwelikweli, sikatai. Lakini wamo pia waliotiwa hatiani wakiwa bado watoto wenyewe, na katika baadhi ya majimbo wamo vijana waliokuwa na wapenzi wadogo kwao kwa miaka michache tu. Kwenye ramani wote ni kitone kile kile chekundu. Patty Wetterling, mama mzazi wa Jacob, aliyepigania sheria ile ya kwanza, baadaye alijitokeza hadharani kuhoji jinsi madaftari haya yalivyopanuliwa. Mama aliyefiwa na mwanawe akisema tusimame tufikiri, mimi husimama.

Halloween imeongezewa sheria zake. Missouri mwaka 2008 walipitisha kwamba usiku huo aliyesajiliwa akae ndani kuanzia saa 11 jioni hadi saa 4:30 usiku, azime taa ya nje, na abandike tangazo mlangoni kwamba nyumba hiyo haina pipi. Mwaka 2024 jaji wa shirikisho aliifuta sehemu ya tangazo. Hapa kwetu Georgia, katika kaunti ya Butts, mwaka 2018 ofisi ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, ilikwenda kuchomeka mabango ya onyo kwenye viwanja vya nyumba za waliosajiliwa, na mwaka 2022 mahakama ya rufaa ikasema hapana, huwezi kumlazimisha mtu kubeba ujumbe wako uani kwake. Polisi huzunguka usiku huo kuhakikisha taa zimezimwa. Polisi hao hao, kumbuka, ndio wangekuwa barabarani kuongoza magari.

Na kinachoogopwa kipo? Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Mark Chaffin walichapisha uchambuzi wa kesi 67,045 za makosa ya kujamiiana dhidi ya watoto, kutoka majimbo 30, kati ya 1997 na 2005. Walitafuta kama Halloween na siku zilizo karibu nayo huwa na kesi nyingi kuliko siku nyingine. Hawakuona ongezeko lolote, wala hawakuona tofauti kati ya miaka ya kabla na ya baada ya hatua za namna hii kuanza kuenea. Kuna atakayenikumbusha Fond du Lac, Wisconsin, ambako mwaka 1973 msichana wa miaka 9 aliuawa usiku huo huo. Ni kweli, na ni kisa cha kutisha. Aliyemuua alikuwa jirani ambaye mtoto alimfahamu. Na ile hadithi ya pipi zenye sumu, ambayo hata huko nyumbani mmeisikia? Kisa maarufu kuliko vyote ni cha Texas, 1974. Aliyeweka sayanidi kwenye pipi ya mtoto alikuwa baba yake mzazi, akitaka pesa za bima.

Sasa nizungumzie ninachokijua kwa mikono yangu. Dereva wa basi la shule hufundishwa mapema kwamba hatari kubwa iko ndani ya mita 3 kuzunguka basi. Nikisimama, taa nyekundu zinawaka, mkono wenye alama ya STOP unachomoza ubavuni. Mtoto anashuka, anatembea mbele hadi nione viatu vyake, anageuka ananitazama usoni, nami natazama vioo vyote ndipo nimpungie avuke. Yote hayo ni kwa sababu mtoto wa miaka sita hajui kupima mwendo wa gari. Anaona gari, anaona upande wa pili, anakimbia. Usiku wa Halloween mvishe mtoto huyo nguo nyeusi, mfunike uso kwa kinyago kinachomzibia macho ya pembeni, mpe mfuko wa pipi, muongezee wenzake watano wanaomwita kutoka ng'ambo ya barabara. Basi langu halipo. Mwisho wa Oktoba jua la hapa huzama kabla tu ya saa moja usiku, saa ambayo watu wanatoka kazini wamechoka na macho yako kwenye simu.

Hilo nalo limepimwa. Utafiti uliotoka mwaka 2018 katika jarida la kitabibu la JAMA Pediatrics uliangalia ajali za miaka 42 nchini Marekani, 1975 hadi 2016. Hatari ya mtembea kwa miguu kugongwa na kufa jioni ya Halloween ilizidi kwa asilimia 43 ukilinganisha na jioni za wiki moja kabla na wiki moja baada. Kwa watoto wa miaka 4 hadi 8 ilikuwa mara kumi. Saa mbaya zaidi, saa 12 jioni.

Kuna jirani yangu, mama wa Kikongo, mchapakazi, watoto wake wanaamkia wakubwa bila kukumbushwa. Mwaka mmoja alipoiona ile ramani aliapa wanawe hawatatembea kwa miguu. Akawapakia wote kwenye gari lake la familia, akawa anakwenda nyumba moja, anasimama katikati ya barabara, mlango unafunguliwa, watoto wanaruka nje, wanarudi, anasogea mita ishirini, anasimama tena. Nilikuwa nimekaa barazani kwangu na bakuli la pipi. Mdogo wa mwisho alikuwa amevaa kama popo, mweusi tii, na alishukia upande wa magari. Gari lililokuwa nyuma likampita mama yule kushoto, dereva akapiga honi ndefu, popo akarudi nyuma hatua moja. Ilikuwa hatua moja tu, Mhariri. Na mtaa mzima ulikuwa na magari ya namna hiyo, kwa sababu kila mzazi alikuwa na ramani ile ile mkononi.

Hicho ndicho kinachonikera kuhusu vitone vyekundu. Vinamwelekeza mzazi kule asikopaswa kuangalia. Takwimu za Wizara ya Sheria ya Marekani za mwaka 2000, zilizokusanywa kutoka polisi wa majimbo kadhaa, zilionyesha kwamba kati ya watoto waliofanyiwa ukatili wa kingono, waliofanyiwa na mtu wasiyemjua kabisa walikuwa asilimia 7. Waliobaki, aliyewatenda ni ndugu au mtu wanayefahamiana naye. Huyo hahitaji Halloween. Anakuja Jumanne ya kawaida, anapewa chai.

Tugeuke nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania, uliotolewa 2011, ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Wageni wamo katika hesabu hiyo, siwafichi. Lakini karibu nusu ya wasichana hao waliofanyiwa ukatili walisema ulitokea nyumbani kwa mtu. Huyo mtu daftari litamwandikaje? Daftari huandika aliyetiwa hatiani. Sote tunajua kesi ya mjomba inavyokwisha: wazee wanakaa, pesa inatoka, mbuzi anachinjwa, binti anahamishiwa kwa shangazi Korogwe, na mama anaambiwa asiivunje familia. Mjomba huyo hatakuwa na kitone. Desemba atapokea watoto wa likizo kama kawaida, na wazazi watakaoangalia mtandao na kukuta hayumo watalala usingizi.

Tuseme basi baba mzazi amefungwa kwa kumdhuru binti yake, na ukatangaza jina lake, picha na mtaa. Umemtangaza nani? Darasa zima litajua ni binti yupi. Familia ikilijua hilo mapema, haitaripoti kabisa.

Na anwani zenyewe, kwetu Uswahilini? Mpangaji anahama kila kodi inapokwisha. Bandika leo kwamba nyumba fulani Mabawa au Mbagala anaishi mbakaji, kesho anahamia fundi cherehani asiye na habari, keshokutwa wananchi wenye hasira kali wako mlangoni na tairi. Marekani huku, pamoja na namba za nyumba na posta inayofika kila siku, taarifa za daftari bado huwa na makosa.

Mwandishi alizungumzia usalama wa watoto sikukuu. Sikukuu zetu zina vifo vyake, na tunavijua. Oktoba 1, 2008, siku ya Idi, watoto wapatao 20 walikufa Tabora kwa kukosa hewa na kukanyagana ndani ya ukumbi wa disko toto uliojazwa kupita kiasi. Hakuna mbakaji aliyewaua. Waliuawa na msongamano na tamaa ya kiingilio. Tangu hapo polisi wamekuwa wakipiga marufuku disko toto sikukuu zinapofika, na kila mara yupo anayejaribu tena. Kuna watoto wanaozama baharini Krismasi na Mwaka Mpya wakati watu wazima wako kwenye nyama choma. Kuna bodaboda moja yenye watoto wanne na nguo mpya. Nikiwa likizo Tanga niliwahesabu wanne mwenyewe, wa mbele amekaa juu ya tangi la mafuta, na askari anatazama.

Nikipewa nafasi ya kumshauri mwandishi, nitamwambia kabla hajampeleka mwanawe kwa ndugu Desemba aulize maswali ambayo kwetu yanaonekana ya utovu wa adabu. Mtoto atalala chumba gani, na nani? Wageni wakija atahamishiwa wapi? Nani atabaki naye mkiwa shambani au sokoni? Shemeji akinuna, anune. Na mtoto mwenyewe aambiwe kabla ya safari kwamba akiona jambo asilolipenda apige simu hata usiku wa manane, na kwamba hatapigwa. Kisha amwachie simu ya kupigia na amkaririshe namba, maana watoto wengi tunawapeleka kijijini wakiwa hawaijui hata namba ya mama kwa kichwa.

Kama serikali ina fedha za kutengeneza tovuti, naomba ziende kwenye madawati ya jinsia na watoto ya polisi, ili askari wa dawati awe na usafiri wa kufika anapoitwa, na kesi isimalizwe na wazee kabla hajafika. Na wewe Mhariri, wiki ya kufunga shule, niwekee namba ya bure ya kusaidia watoto, 116, juu kabisa ya ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa kama mnazotumia kwa Simba na Yanga.

Wako,
Mama Zulfa,
Clarkston, Georgia, Marekani