Ukurasa wa mashairi uwape nafasi wanawake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ukurasa wa mashairi wa Jumapili iliyopita. Nilihesabu mashairi saba, yote ya wanaume, na matatu kati yake yanawausia wake wavumilie na wafunge vinywa. Mtunzi mmoja amemtaja Mwana Kupona kuwa shahidi wake. Simlaumu Mwana Kupona, ambaye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi ili amwachie wosia. Nawashangaa wanaomnukuu, maana wamesahau kwamba aliyeshika kalamu pale alikuwa mwanamke.

Wako wanawake wengine wa Kiislamu walioishika. Fahmida Riaz, mzaliwa wa Meerut nchini India aliyekulia Sindh, alitunga kwa Kiurdu, lugha ambayo hata sisi tunaweza kuokota ndani yake haki, dunia na wakati bila mkalimani. Enzi za Jenerali Zia-ul-Haq nchini Pakistan, watawala walihubiri "chador na kuta nne", yaani mwanamke ajifunike na akae ndani. Fahmida aliyachukua maneno hayohayo akayafanya jina la shairi. Humo anamsemesha mtawala kwa unyenyekevu wote, kama mtu anayerudisha zawadi: bwana mkubwa, shuka hii nyeusi ya nini kwangu, nami sina msiba? Chumbani mwako munamonukia manukato mna maiti iliyooza, kaisitiri hiyo. Jarida lake, Awaz, lilimfikisha mahakamani, naye akakimbilia India na watoto, mumewe akamfuata baadaye, akakaa huko karibu miaka saba. Alifariki Lahore Novemba 2018.

Wenzake hawakuishia kwenye beti. Tarehe 12 Februari 1983 wanawake wa Lahore waliandamana kupinga sheria iliyopendekezwa, ambayo ingehesabu ushahidi wa wanawake wawili kuwa sawa na wa mwanamume mmoja, na polisi wakawapokea kwa virungu na mabomu ya machozi. Mwaka huohuo Mahakama yetu ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Rufaa ya Bi Hawa mwenyewe ilitupwa, lakini kanuni ilibaki, na wake wengi wameitumia tangu hapo.

Jirani yangu hapa Magomeni hakuwahi kuisikia. Talaka ilimfikia kwa ujumbe wa simu alfajiri, akiwa kwenye kikaango cha vitumbua. Kwa miaka kumi na tisa matofali, mabati na nondo vilinunuliwa kwa vitumbua hivyo, na hati ya nyumba ina jina la mume peke yake. Aliusoma ujumbe, akaiweka simu juu ya kinu, akamaliza kukaanga kwanza, kwa sababu unga ulikuwa umeshaumuka na wateja walikuwa wamepanga foleni.

Najua wapo watakaoniandikia kwamba mambo ya ndani hayatolewi nje, tena gazetini. Nawaomba wafungue Suratul Mujadila, inayoanza kwa kueleza kwamba Mwenyezi Mungu ameyasikia maneno ya mwanamke aliyekwenda kwa Mtume kumlalamikia mumewe. Malalamiko yake hayakufichwa, na Waislamu tunayasoma hadi leo.

Ombi langu si kubwa. Tenga nusu ya ukurasa kwa watunzi wanawake, hata kama ni mara moja kwa mwezi, na usiwarudishie kazi zao kwa sababu tu zinataja talaka, mirathi au kipigo. Vina na mizani mnaweza kuvikosoa mpendavyo, hapo sina ugomvi. Jirani yangu ana beti nne za tarbia alizoziandika nyuma ya daftari la mauzo. Ya tatu ina kina kilichopotea, nimeshamwambia, naye amekataa kukibadilisha. Nitazileta ofisini kwenu Jumatatu zikiwa kama alivyoziandika.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Magomeni, Dar es Salaam