Risala ya Wanafunzi wa Darasa la Programu la Jioni, Nairobi, kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wa heshima, walimu wetu, wazazi na wenzetu,

Karibu sana. Wengi wetu hushinda kazini mjini na kuingia darasani jioni. Muhula huu tumejifunza kuandika programu kwa fanksheni, yaani vipande vinavyopokea kitu na kutoa jibu, katika lugha ya programu ya Haskell, na tungependa ujue jinsi tulivyofundishwa monadi, yaani namna ya kuunganisha hatua za programu ili jibu la moja likabidhiwe kwa inayofuata, kwa kuwa somo hilo limewakimbiza wengi.

Kwingi mwanafunzi huambiwa kwanza kwamba monadi ni kama sanduku. Hubaki na sanduku lake kichwani, programu ikamshinda. Mwalimu wetu hakulitaja jina la monadi mwanzoni. Alitupa kazi ya chama: mtafute mwanachama kwa nambari ya simu, kisha mkopo wake, kisha mdhamini wa mkopo huo. Kila hatua yaweza kurudi mikono mitupu. Tukarundika masharti ya "ikiwa" ndani ya masharti hadi mistari ya programu ikasukumwa katikati ya skrini. Ndipo akatutaka kile kinachojirudia tukiandike mara moja tu: fanksheni inayopokea jibu la hatua iliyotangulia pamoja na hatua inayofuata. Jibu likikosekana, kazi inaishia hapo. Likiwepo, linakabidhiwa mbele. Masharti yote yakayeyuka, ikabaki mistari mitatu inayosomeka.

Zoezi la pili lilihusu orodha: wanachama wenye mikopo mingi, kila mkopo na malipo yake mengi. Umbo likawa lile lile! Hapo sasa tukapewa jina, na kanuni zake tatu, nasi tukazielewa kwa sababu tulikuwa tumeshazitumia. Tukasoma pia kwamba mwanasayansi wa kompyuta Eugenio Moggi alichukua wazo hili kutoka hisabati mwaka 1989 kuelezea maana ya programu, na mwenzake wa fani hiyo, Philip Wadler, akalisogeza kwa waandishi wa programu. Wenzetu wanaotumia lugha ya Java nao wakagundua kwamba wamekuwa wakikutana na umbo hilo kwenye Optional, aina ya jibu linaloweza kuwepo au kukosekana, iliyokuja na Java 8 mwaka 2014.

Mheshimiwa, tuna maombi mawili. Ratiba imelitengea somo hili kipindi kimoja, nacho huisha kabla ya zoezi la pili, lililo muhimu kuliko yote. Tunaomba utusemee kwa wapangaji. Tunaomba pia msaada wa kuchapisha mazoezi haya kwa Kiswahili, wapate kuyatumia wanaoanza muhula ujao.

Asante kwa kuja kwetu.

Ni sisi,
Wanafunzi wa darasa la jioni