Njaa uliyoniandikia, Baba Neema

Mpendwa Baba Neema,

Bwana Yesu asifiwe sana. Sisi huku Bukoba tu wazima. Mvua zimechelewa kidogo lakini migomba haijatuangusha, na Mama Upendo anakusalimu pamoja na nyumba yako yote.

Barua yako imenifikia. Nimekaa nayo kabla ya kuijibu, maana mambo uliyoyaandika si ya kujibu harakaharaka kwa ujumbe wa simu. Unasema umeokoka miaka mingi sasa na bado usiku moyo unakuwasha: hasira haijaisha, wivu unarudi, na kazini wamekutenga tangu ulipokataa kusaini kwamba saruji imeingia stoo kamili ilhali umeihesabu mwenyewe ukaiona pungufu. Mwishoni ukauliza: kama kweli mimi ni wa Bwana, mbona bado nina kiu namna hii?

Naanza na hilo, ndugu yangu, maana ndilo linalokuumiza kuliko ile saruji. Bwana hakusema heri walioshiba haki. Alisema, "Heri wenye njaa na kiu ya haki, maana hao watashibishwa." Maiti haoni njaa. Huo moyo unaokataa kuzoea dhambi yako, unaokuamsha usiku kukuuliza kwa nini ulimjibu mkeo vile, hukuuumba wewe. Ni Roho wa Mungu anayefanya kazi ndani yako. Ningekuogopea kama ungeniandikia kwamba umetulia, kwamba uzito wote umekwisha. Hata Paulo, akiwa kifungoni na makanisa aliyoyapanda yakiwa yameenea nchi nyingi, aliwaandikia Wafilipi, "Si kwamba nimekwisha kufika, au nimekwisha kuwa mkamilifu, la!" Kisha akasema anakaza mwendo. Aliyekwisha kufika hana haja ya kukaza mwendo.

Wafikirie wale waliolisikia neno hilo kwanza, pale mlimani Galilaya. Wengi wao walikuwa watu wa kazi za mikono, wavuvi na vibarua. Dinari moja ndiyo iliyokuwa ujira wa siku nzima, na Torati ilimwamuru mwajiri asilale na ujira wa kibarua hata asubuhi, kwa kuwa usiku mmoja tu ulitosha watoto kulala bila kula. Kiangazi cha nchi ile hupita miezi bila tone la mvua. Hao hawakuhitaji kuelezwa njaa ni nini wala kiu ni nini. Mwenye njaa ya namna hiyo humtulizi kwa hotuba. Huamka nayo, hutembea nayo, na kila anachokiona hukipima kwa njaa yake. Bwana anasema hivyo ndivyo tuitamani haki. Na ukiendelea kusoma sura ile ya tano ya Mathayo utaona haki anayoisema ina mahali pa kukanyaga: hasira kwa ndugu, jicho la tamaa, kiapo cha uongo, adui wa kuombewa, sadaka inayoachwa mbele ya madhabahu mpaka kwanza upatane na ndugu yako. Ni mambo yaleyale uliyonitajia. Hujapotea njia, Baba Neema. Uko katikati ya mahubiri yenyewe.

Wewe na mimi ni watoto wa uamsho, ule wa makanisa ya Afrika Mashariki, kwa hiyo niruhusu nikukumbushe tulikotoka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Rwanda ilikuwa na njaa kali, ile njaa ya tumbo, na daktari Mwingereza, Joe Church, alikuwa Gahini akihangaika na wagonjwa na wenye njaa mpaka nguvu zikamwishia. Septemba 1929 akaenda Kampala, na huko Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda. Mmoja mzungu, mmoja mwafrika, katika siku ambazo watu wa rangi hizo mbili hawakuketi meza moja kirahisi. Nao wakakaa pamoja na Biblia zao, kila mmoja akijua kuna kitu kinampungukia. Sijui mwanzo wa uamsho ulio mnyofu kuliko huo. Walikuwa watu wa kanisa, wenye Biblia na wenye kazi ya Mungu mikononi, na bado wana njaa, wala hawakuificha. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, akaenda kufundisha Gahini, akawaka moto uleule, na alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana, akililia kanisa liamke. Kutoka huko uamsho ukavuka mpaka hata huku kwetu Kagera.

Unakumbuka wazee walivyotusimulia alama yake. Haikuwa machozi peke yake. Watu walirudisha vitu vya wizi. Walikwenda kwa waajiri wao na kusema, hiki nilikichukua. Walilipa madeni yaliyokuwa yamesahauliwa na mdai mwenyewe. Walikuwa wamemsoma Zakayo, aliyesimama akasema, "Ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Torati ilimtaka anayetubu na kuungama arudishe kile kitu na kuongeza sehemu ya tano, Zakayo hakuuliza kiwango cha chini. Mtu mwenye njaa ya haki haulizi kiwango cha chini. Ndiyo maana nakwambia mifuko yako ya saruji si jambo dogo la kidunia lililoingilia maisha yako ya kiroho. Ndipo kiu yako ilipopata pa kunywa.

Nami nina uchungu kwa jinsi tunavyoomba siku hizi. Tuna mikesha ya kuombea viza, ndoa, uzao, biashara, na simkatazi mtu, kwa kuwa Bwana mwenyewe alitufundisha kuomba mkate wa kila siku. Ila ni lini tumekesha tukilia ili tuwe watu wa kweli? Ili mizani ya dukani ipime sawa, msichana wa kazi alipwe kwa wakati, na kiwanja cha mjane kirudi kwa mjane? Tumeuliza Mungu atupe nini, tukaacha kumuuliza atufanye nini.

Liko jambo zito zaidi, na sipendi kulipita. Rwanda hiyohiyo, nchi ya Gahini, mwaka 1994 watu waliuawa hata ndani ya makanisa walimokimbilia: Nyamata, Ntarama, na kwingineko. Wako waliokataa kutengana kwa makabila wakafa pamoja, na Mungu anawajua. Lakini wengi walioimba nasi nyimbo zilezile walishika mapanga. Nikiwaza hayo naogopa haki inayoishia chumbani: mtu anayeungama hasira yake kwa mkewe, kisha anasikia jirani yake akiitwa mende, kama Watutsi walivyoitwa, na hasemi kitu. Njaa ya kweli haichagui sehemu moja ya maisha ikaacha nyingine. Janani Luwum aliokoka katika uamsho huuhuu, Januari 1948, mwalimu kijana huko Acholi, kaskazini mwa Uganda, akianza na dhambi zake mwenyewe. Februari 1977, akiwa Askofu Mkuu wa Uganda, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin kuhusu mauaji yaliyokuwa yakifanyika nchini, na tarehe 16 mwezi huohuo akauawa. Serikali ikatangaza ajali ya gari. Mimi naona barua ile kwa Amin na toba ile ya 1948 ni kiu moja iliyokua.

Sasa rudi stoo. Kwenye hati ya kupokelea mzigo, andika idadi uliyoihesabu, weka tarehe, saini hiyo tu, na baki na nakala. Usibishane. Halafu nakusihi jambo lililo gumu zaidi: mwenzako aliyesaini, usimdharau. Najua mshahara wake na kodi anayodaiwa. Yule Farisayo wa Luka 18 alikuwa mwaminifu kwelikweli katika zaka na kufunga, na bado aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki ni mwingine, aliyejipigapiga kifua akisema, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Kukataa rushwa huku ukimchukia aliyeipokea ni kubadilisha uchafu kwa uchafu. Mfuate peke yake, mle pamoja chakula cha mchana, umwambie kwa upole kwamba unamuombea na kwamba hutamchongea kwa siri. Likibidi kusemwa kwa mkubwa, atalisikia kwako kwanza.

Na usiku moyo ukiwasha, usiuambie unyamaze. Mwambie Kristo, "Hii hapa, nishibishe." Hatushibi kwa kujikaza. Paulo alisema anatamani aonekane katika Kristo, hali hana haki yake mwenyewe ipatikanayo kwa sheria, bali ile itokayo kwa Mungu kwa imani. Tunakula tunachopewa, na kesho tunakuja tena.

Ikifika hatua wakuondoe kazini, usikae kimya kwa aibu. Nimeshazungumza na ndugu wa ushirika bila kutaja jina. Kodi ya nyumba tutaichanga mpaka upate pengine, na ada ya Neema vilevile. Desemba tunakuja wote kwenye kipaimara chake, Mungu akipenda, na Mama Upendo amekwisha kuanza kuweka senene na kahawa za kuja nazo.

Niandikie upesi, hasa uniambie mwenzako wa stoo alikujibu nini.

Ndugu yako katika Kristo,
Baba Upendo