Sweta la mama limegoma kumwingia, na Jumamosi zangu tano ziko wapi?

Kwa meneja wa duka la nyuzi,

YAH: DARASA LA JUMAMOSI NILILOLIPIA 180,000/=

Habari za kazi. Namuandikia meneja mwenyewe maana dada wa kaunta nimeshamwambia mara tatu na kila mara jibu lake "ntamfikishia bosi", sasa huu ni mwezi wa pili tangu nianze kumwambia na bosi ama hajafikishiwa ama kafikishiwa kanyamaza, mi sijui. Kwaiyo nimeona niandike yote sehemu moja. Ni ndefu kidogo mnivumilie, na kwenye bahasha nimeweka vitu vingine ambavyo ntawaeleza huko mwisho.

Mwezi wa tatu mlibandika tangazo pale mlangoni, darasa la wanaoanza, Jumamosi 12, saa nne mpaka saa sita, shilingi 180,000. Jumamosi 4 kufuma kwa sindano, 4 kusokota uzi kutoka kwenye sufu ya kondoo, 4 kufuma kitambaa kwenye kitanda cha mfumi, yaani ile fremu ya mbao ya kufumia. Mi nikasema hii ndo yenyewe. Nina miaka 9 Arusha sijawahi kuona mtu anafundisha kusokota uzi, sindano ukitafuta mtaani hukosi mama wa kukuelekeza lakini kusokota hapana. Nikalipa yote kwa mkupuo kwa lipa namba yenu. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sikupewa, eti mashine inasumbua mtandao, nikapewa kikaratasi cha kuandika kwa peni. Hilo tuliweke pembeni kwanza.

Nianze kwa haki. Mwalimu wa sindano anajua kazi, yule mama naomba msimguse, hana kosa kwenye barua hii. Jumamosi ya kwanza nilikuwa nakaza uzi mpaka sindano haipiti kwenye kitanzi, jasho linanitoka kama nalima, akaja akakaa pembeni yangu akanishika kidole cha shahada akaniambia "mwanangu hii sio kamba ya kufungia ng'ombe, ilegeze". Mpaka leo nikikaza namsikia. Jumamosi ya tatu nilikuwa najua mshono wa mbele na wa nyuma, kuongeza, kupunguza, na kuokota kitanzi kilichodondoka mistari minne chini. Kwaiyo kwa hizo nne za sindano sidai kitu kuhusu mafundisho.

Ninachodai ni sheria yenu ya kwamba mwanafunzi haruhusiwi kuja na uzi wake wala sindano zake, lazima anunue hapohapo dukani. Nilimuuliza dada kwanini, akasema "ili wote muwe sawa". Sawa basi. Donge moja la gramu 100 kwenu 9,500, wakati sokoni la uzito huohuo 6,000. Nikanunua madonge 7, piga hesabu mwenyewe ni 66,500, pamoja na sindano jozi moja 12,000, nikajiambia mradi nimfumie mama sweta. Mama yangu yuko Sumbawanga, na anayeijua Sumbawanga ya mwezi wa sita na wa saba anajua kile sio baridi ya kuvumilia kwa khanga.

Sasa sweta lenyewe. Karatasi ya mtindo mliyotuprintia ni ya Marekani, imeandikwa sindano namba 8. Dada wa kaunta akachomoa sindano kwenye kopo, zimeandikwa namba 8, akanipa. Nani angebisha? Nane na nane. Mwalimu akasema tufume kwanza kipande cha majaribio, sentimita 10 kwa 10, tuhesabu vitanzi, na nyie (sio yeye, nyie, nilisikia kwa masikio yangu dada akiongea toka kaunta) mkasema muda hautoshi, waanze tu. Tukaanza. Nikaanzisha vitanzi 90 upande wa mbele, nikafuma jioni baada ya kazi, kwenye daladala ya Ngaramtoni, umeme ukikatika nafuma kwa tochi ya simu, wiki tano nzima. Nikalitandika kitandani nikapima. Upande ulitakiwa uwe sentimita 50, una 41. Nikadhani nimepima vibaya, nikachukua futi kamba ya fundi cherehani jirani yangu, 41. Nyuma hivyohivyo. Mzunguko wa kifua ulitakiwa 100, nimepata kama 82. Mama yangu ni mtu mzima mwenye mwili wake, 82 hata shingo ilipita kwa shida, nilivyomtumia akalijaribu akanipigia anacheka mpaka anakohoa, anasema "umemfumia nani, mjukuu?"

Nikaenda kwa mwalimu na sindano mkononi. Akaziangalia sekunde mbili tu akashika kichwa. Kumbe namba 8 ya Uingereza ya zamani ni milimita 4, na namba 8 ya Marekani ni milimita 5, na hata zinavyohesabiwa ni kinyume, kwa Mwingereza namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, kwa Mmarekani namba ikipanda inakuwa nene. Mtindo wenu wa Marekani unataka vitanzi 18 kwa sentimita 10, mimi kwa sindano zenu nyembamba nilikuwa napata 22. Kopo lenu pale kaunta limechanganya zote, za Kiingereza, za Kimarekani, na nyingine zimeandikwa milimita, zote mnaziuza kwa "namba". Kile kipande cha majaribio mlichosema kinapoteza muda kingechukua nusu saa. Mi nimepoteza wiki tano na nauli ya kifurushi kwenda na kurudi.

Ningeishia hapo ningekuwa nimeshapoa. Ila sweta liliporudi nikawa nalifumua nianze upya, mama mwenye nyumba wangu akashika uzi akauvuta akasema huu sio sufu. Nikamwambia mama wee, lebo hii hapa, sufu asilimia 100. Akachukua kipande kama urefu wa kidole, akakishika kwa koleo la mkaa, akawasha kiberiti, yeye zamani alikuwa anashona akasema ndo walivyokuwa wanapima. Sufu ya kweli ukiichoma inanuka nywele zilizoungua, ukiondoa moto inazima yenyewe, inabaki kijivu unakisaga kwa vidole kinapotea. Wa kwenu haukunuka nywele. Ulinuka ndoo ya plastiki iliyosahaulika jikoni, ukayeyuka, ukadondosha tone jeusi juu ya sahani, na lile tone lilipopoa likawa gumu kama kokoto, nilijaribu kulisaga likanichoma kidole. Hiyo ni akriliki, uzi wa plastiki wa kiwandani. Akriliki sio dhambi, wengi tunaivaa, ila iuzwe kwa jina lake na bei yake. Tena msione ni kitu kidogo, mama yangu jioni anakaa na kuni, cheche ikiruka kwenye sufu inazima, ikiruka kwenye hii yenu inayeyukia mwilini. Mngenifanya nimvishe mama yangu plastiki mbele ya moto kwa mikono yangu mwenyewe.

(Na madonge mawili kati ya saba namba ya rangi kwenye lebo ilikuwa tofauti, kifuani umetokea mstari kama mkanda. Nimelitaja tu.)

Kusokota sasa, ndo kitu nilichokuja kutafuta. Jumamosi ya tano mwalimu wa sindano hayupo, mmeleta kijana, na kiroba. Kwenye kiroba kuna manyoya ya kondoo, yana damu imekaukia pembeni, yaani yametoka machinjioni moja kwa moja. Hamna aliyeyaosha. Tukapewa kila mtu kijiti chenye kisahani chini, kijana akasema zungusha huku unavuta. Tukazungusha. Watu wanane masaa mawili hamna aliyetoa uzi wa kufika magotini, ukivuta inakatika, ukivuta inakatika, ukitazama kwa karibu zile nywele fupi, ngumu, zimenyooka kama za mswaki. Wiki iliyofuata kiroba kilekile, kinanuka zaidi. Kijana akatuambia tatizo ni sisi hatuna mazoezi.

Binamu yangu amefanya kazi Nanyuki upande wa Kenya, huko kuna akina mama kazi yao ndo hiyo, wanasokota sufu kwa mkono na kufuma mazulia, nikampigia nikamtumia na picha. Alicheka kuliko mama. Kondoo wetu wa Kimasai ni kondoo wa nywele, ni wa nyama na mafuta, hana sufu ya kusokota, hata umpeleke shule. Sufu inayosokoteka ni ya kondoo kama Merino au Corriedale, ina mawimbi madogomadogo ndo yanashikana, alafu inaoshwa kwa maji ya moto bila kuivurugavuruga maana ukiivuruga inagandamana kama zulia, inakauka, inachanwa kwa brashi mbili mpaka nywele zote zilale upande mmoja, ndo unasokota. Na ukimaliza unachukua nyuzi mbili unaziunganisha kwa kuzizungusha upande wa kinyume na ule wa mwanzo ili zisijinyonge. Yote haya nimeambiwa kwa simu kwa dakika 11, bure. Kwenu nimelipia Jumamosi nne nikapewa mbili za kukata nywele za marehemu, na mbili zilizobaki mkasema "zimesogezwa". Zimesogezwa wapi?

Kufuma kitambaa ilifanyika mara moja. Kitanda chenyewe kimoja, kifremu cha mbao upana kama daftari mbili, watu wanane tunapokezana, mi nilipitisha uzi wa mshindio, ule unaokatiza kwa upana, mara sita nikaambiwa mpishe mwenzio. Kutandika nyuzi za mtande, zile za urefu zinazotangulia, hatukufundishwa, tulikuta tayari zimetandikwa, na mtu akishindwa kutandika mtande amejifunza nini? Muda uliobaki kijana akatuonyesha video kwenye simu yake. Alafu akaongezea kwa kujiamini kabisa kwamba kufuma vitambaa huku kwetu kulikuja na wamisionari, kabla ya hapo watu walivaa ngozi na magome tu.

Hapo nilinyamaza kwa adabu ila naandika sasa. Mimi ni Mfipa. Wazee wetu Ufipa walilima pamba, wakasokota, wakafuma maseketa, vitambaa vyao vya pamba, kwenye vitanda vyao kabla mmisionari hajajua njia ya kufika. Na Kilwa huko waliochimbua mambo ya kale wametoa vigae vya vyungu vimetobolewa katikati, ndo vilikuwa vinatiwa kwenye kijiti cha kusokotea kiwe na uzito, vya mamia ya miaka. Kile kisahani alichotupa yeye kwenye kijiti ni mtoto wa kigae hicho. Kama hajui asome, kama hasomi asifundishe.

Baada ya Jumamosi hiyo mlango umefungwa mara tatu mfululizo, tunakuja tunakuta kikaratasi "leo hakuna darasa", kuna mama mmoja anatoka Usa River, mjamzito, na nauli yake.

Ninachotaka ni hiki. Jumamosi 2 za kusokota na 3 za kitanda hazikufanyika, kila moja 15,000, jumla 75,000, nirudishiwe, au mzifanye kweli, kwa sufu ya kweli iliyooshwa na mwalimu anayejua. Kwa kweli mi naomba mzifanye, hela ntaitumia itaisha lakini kusokota bado nataka kujua. Zile mbili za kiroba nimezisamehe. Ila 66,500 ya uzi hiyo sisamehi, nirudishiwe yote, madonge nimeyafumua na kuyakunja upya na lebo zake ninazo. Sindano muandike milimita, hata kwa kalamu ya wino, shika karatasi ngumu toboa matundu ya 4, 5, 6, kila sindano ipitishwe kwenye tundu lake kabla haijauzwa. Na risiti yangu ya EFD. Nimewapa siku 14 kuanzia leo, zikipita ile ya lebo naipeleka Tume ya Ushindani na ile ya risiti naipeleka TRA, na wenzangu watano wa darasa tumeshaongea, watasaini.

Namba yangu ipo kwenye daftari la darasa. Ndani ya bahasha mtakuta sindano zenu namba 8, kopi ya kile kikaratasi cha peni, lile tone jeusi nimelifunga kwenye nailoni, na kipande cha uzi ambacho hakijachomwa. Kiberiti mnacho hapo dukani.

Ni mimi mwanafunzi wenu wa Jumamosi, yule wa kiti cha dirishani.