Spidi imeongezwa, foleni iko palepale

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wenzangu wenye steshenari, na zaidi na wanaotuuzia intaneti.

Nina duka hapa Uyole, Mbeya: kompyuta nne, mashine ya fotokopi, na vijana wanaokuja kujaza maombi ya vyuo na mikopo. Mwaka jana, kila mteja mmoja alipopandisha video ya harusi, wengine wote walikwama. Dada mmoja cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa tayari kimeskaniwa, ukurasa unazunguka tu, hakiendi, na siku ya mwisho ndiyo ile. Nikawapigia walioniungia. Lipia kifurushi kikubwa, wakasema. Nikalipia. Mambo yakawa yale yale.

Aliyenifumbua macho ni kijana wa chuo aliyekuja kuchapa ripoti ya mafunzo kwa vitendo. Alipima mbele yangu: laini ikiwa haina kazi, ujumbe mdogo unakwenda na kurudi kwa milisekunde 60, video ikianza kupanda, 2,300. Zaidi ya sekunde mbili, kwa ujumbe usiofika hata mstari mmoja! Ulikaa wapi muda wote huo? Ndani ya ruta, nyuma ya video.

Nenda mashine ya kusaga utaiona hali hii. Umemtuma mtoto na sado moja ya mahindi, anamkuta mfanyabiashara kashusha magunia kumi. Mashine inasaga vizuri kabisa, ila mtoto atarudi jioni. Ukipanua ua ili magunia zaidi yapate pa kukaa, umezidisha kungoja. Watengeneza ruta walifanya hivyo hivyo: waliweka nafasi kubwa ya kupanga pakiti, yaani vipande vidogo vya data, wakiogopa kupoteza hata moja.

Lakini pakiti kupotea ni taarifa. Kompyuta nyingi huijua njia imejaa pale pakiti zinapopotea, ndipo hupunguza mwendo. Somo hilo lilitokana na Oktoba 1986, mtandao kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, huko Marekani, majirani kabisa, uliposhuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Mtafiti wa mitandao, Van Jacobson, akaandika dawa yake mwaka 1988. Ruta yenye ua mkubwa inaichelewesha taarifa hiyo, na video inaendelea kumwaga.

Mwaka 2012 Jacobson na mwenzake Kathleen Nichols walitoa CoDel, njia ya kusimamia foleni ndani ya ruta. Msagaji wa namna hii hahesabu magunia uani. Anaangalia mzigo umengoja muda gani. Kungoja kukizidi milisekunde 5 na kudumu hivyo kwa milisekunde 100, anaanza kukataa baadhi, na mwenye magunia anajua apunguze kuleta. Toleo lake jingine, fq_codel, husaga kwa zamu, kidogo cha huyu kidogo cha yule, mtoto wa sado akaondoka mapema. Ni programu za bure, zimo ndani ya mfumo endeshi wa Linux.

Kijana yule aliiweka kwenye ruta yangu, akashusha spidi ya kupandisha chini kidogo ya ninayolipia, ili foleni ikae kwetu tunapoweza kuisimamia. Nimerudi kifurushi cha zamani. Juzi harusi nyingine ilipanda mchana kutwa, na maombi matatu ya chuo yakaenda palepale.

Ninawaomba watoa huduma: ruta mnazotufungia zije zimewashwa kitu hiki. Na mteja akilalamika, fundi apime kwanza ucheleweshaji laini ikiwa na mzigo, ndipo ataje bei ya kifurushi.

Mwenye steshenari,
Uyole, Mbeya