Pumzi 20, 20, 20

Mhariri, ile habari yenu ya wahitimu wa uuguzi wanaofeli mtihani wa leseni niliisomea kwenye daladala ya Uyole mpaka nikapitilizwa kituo. Tangu nistaafu sijaandika popote, ila pale mwisho mlipowashauri watoto wakomae na pasti pepa nikasema aa, leo naandika.

Maswali wanayo bwana. Hapa Mwanjelwa kuna steshenari inauza bunda zima la maswali ya leseni limefungwa na rababendi, majibu yameshawekwa tiki, wanayakariri kama sala ya jioni.

Niwape kisa kimoja tu. Mwaka wangu wa mwisho kazini, wodi ya wazazi, hospitali siitaji. Mama wa kifafa cha mimba anachomwa magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege ila ikizidi mwilini inakata pumzi, kila baada ya masaa manne. Zamu ya usiku yuko binti katoka chuo anasubiri leseni, mpole, shikamoo sista kila akikutana na mimi, na kusema kweli alikuwa peke yake na wodi imejaa, hilo silifichi. Saa kumi alfajiri, baridi ya Julai mnaijua, nachukua chati naona pumzi 20 kwa dakika, mstari wa chini 20, wa chini yake 20, mpaka mwisho wa karatasi 20, na mwandiko mzuri kweli. Sindano ya dozi inayofuata ishavutwa iko kwenye trei. Pembeni mama mkwe wa mgonjwa, bibi wa Kinyakyusa kajitanda blanketi, ananiambia mwanangu huyu usingizi gani huu, namwita haitiki. Nikaweka mkono kifuani nikaangalia saa dakika nzima, nikapata kumi. Nikagonga goti nione kama mguu utaruka, kimya. Mfuko wa mkojo uko vilevile tangu usiku wa manane. Nikaiondoa ile sindano, nikapiga kelele daktari aitwe, oksijeni, kalsiamu glukoneti, dawa ya kuizima magnesiamu, ikaingia taratibu kwenye mshipa, na Mungu saidia mama akafumbua macho. Baadae nikamuuliza binti, magnesiamu unaisitisha pumzi zikiwa chini ya ngapi? "Kumi na sita sista, na goti lisipojibu, na mkojo chini ya mili 30 kwa saa." Yote! Sasa ulihesabu? Akainama. Mkononi hana saa, simu iko chaji ofisini.

Kwa hiyo aliyemwona mgonjwa usiku ule ni bibi ambaye hata mlango wa chuo haujui.

Mtoto wa dada yangu anasomea NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani, ananiambia tangu Aprili 2023 wanakupa faili la mgonjwa, noti za zamu na vipimo, halafu wanakuuliza humu kipi kinakushtua na unaanza na nini. Hapo nimewaelewa.

Ombi langu kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga ni dogo. Siku ya mtihani kila mtahiniwa aje na saa yenye mshale wa sekunde, pale Mwanjelwa zipo za bei chee, na kabla hajaingia ukumbini amhesabie pumzi mlinzi wa getini dakika nzima. Mlinzi apandishwe ngazi mbio kwanza. Atakayeandika 20 arudi zake nyumbani.

Sista mstaafu,
Uyole, Mbeya