Mgonjwa apimwe nguvu kabla ya kupasuliwa mgongo

Mhariri,

Naandika kuhusu taarifa yenu juu ya upasuaji wa uti wa mgongo kwa watu wazima. Mlieleza vizuri vifaa na gharama, lakini mligusia juu juu tu jambo ninaloliona kubwa kuliko yote: mwili wa mgonjwa una nguvu kiasi gani za kuhimili kisu.

Mama yangu alipopasuliwa mgongo, alipimwa damu na presha, akapigwa picha. Hakuna aliyeuliza kwa nini gomesi lake, yaani gauni lake refu, lilikuwa linampwaya, wala kwa nini alihitaji mikono miwili kuinuka kitini. Upasuaji wenyewe ulikwenda salama. Kilichomwangusha ni kidonda kilichokataa kupona, kisha nimonia. Wala si umri, maana jirani yetu anayemzidi miaka bado analima. Tatizo ni udhaifu wa mwili, nao hupimika. Kipo kipimo cha ngazi 9 kilichobuniwa Kanada, kinachoangalia mtu anajimudu vipi nyumbani, na kumtembeza mgonjwa mita 4 ili kupima kasi yake kunahitaji saa ya mkononi tu.

Naiomba Wizara ya Afya iagize kipimo hiki kifanywe kabla mgonjwa wa mgongo hajatia saini ya ridhaa. Atakayekutwa dhaifu, kama hali yake si ya dharura, apewe kwanza majuma kadhaa ya lishe na mazoezi. Na familia ielezwe hatari hiyo kwa Kiganda, Kisoga au lugha yoyote inayoielewa.

Msomaji wenu,
Jinja, Uganda